Oda za Rafu za Mbele

Ghalani pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kengele, na jina hilo alipewa na dada yake, siku ya kwanza alipoachiwa kazi ya kompyuta bila mtu wa kumsimamia. Alibonyeza kitufe, na skana zote, vile vifaa vya kupokelea oda mikononi mwa wakusanyaji wa bidhaa, zikalia kwa pamoja, ghala zima, watu wakashtuka kama wanafunzi waliofumwa wakipiga soga. Dada yake, huku akigeuza toroli, akasema, "Haya, mdogo wangu keshapiga kengele. Ingieni darasani." Watu wakacheka, jina likaganda.

Alikaa katika chumba kidogo chenye ukuta wa kioo, juu ya ngazi za chuma, ambapo aliliona ghala lote limelala chini yake: safu za rafu, njia katikati yake, meza za kufungashia, na huko mwisho mlango mkubwa unaopokea malori. Oda za maduka ziliingia kwenye skrini yake tangu asubuhi. Duka hili linataka katoni za sabuni, lile linataka betri na sufuria, jingine blanketi na vibiriti. Hazikushuka chini moja moja. Zingeshuka hivyo, mtu angefuata sabuni rafu ya mwisho kabisa, akarudi hoi, kisha akatumwa kule kule tena kufuata sabuni ya mwingine. Kwa hiyo Kengele alizikusanya. Zinazopanda lori moja aliziweka pamoja, zinazotoka upande mmoja wa ghala akaziunganisha, akahakikisha bidhaa zipo rafuni, akachungulia kiooni kuona nani amekwama wapi, ndipo akaliachilia kundi. Akiachilia makundi mengi kwa mpigo, matoroli yalibanana njiani kama mbuzi mlangoni. Akizubaa, watu walisimama mikono mifukoni na dereva wa lori akaanza kupiga honi.

Alikuwa na jicho la kazi ile. Na kila aliposifiwa alijua sifa ni za dada yake, kwa sababu dada yake ndiye aliyemfikisha pale.

Dada mtu walimwita Upepo. Mama yao alipofariki, Kengele alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi iliyomzidi mabega, na Upepo ndiyo kwanza amevunja ungo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuwapokea. Upepo akaacha shule, akaomba kazi ghalani, enzi hizo oda zikichapwa kwenye karatasi na mkusanyaji akitembea na bunda la karatasi kwapani. Jioni alirudi katika chumba chao kimoja, akamwogesha mdogo wake, akamsuka, akamkagua madaftari, akamchapa alipostahili kuchapwa na mara mojamoja asipostahili. Jina la Upepo alilipata kwa miguu yake. Watu walisema yule hatembei, yule anapita. Ungemwona mwanzo wa njia, ukiinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka yuko mwisho wake, na toroli limejaa.

Kengele alipomaliza shule na kozi ya kompyuta, dada yake ndiye aliyemshika mkono mpaka kwa msimamizi na kumwambia kwamba huyu hapa, mjaribu, akikuangusha mfukuze na mimi. Alianza chini na toroli kama wengine. Baadaye karatasi zikaondolewa, ukaletwa mfumo mpya, na mtu wa kuuendesha akatafutwa. Siku alipopanda zile ngazi za chuma, Upepo alisimama chini akamtazama mpaka mlango ukafungwa.

Upepo aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanaume mkimya ambaye ukimsalimia alijibu, kisha akafikiri kama kuna la kuongeza, kisha akaona hakuna. Hawakujaliwa mtoto. Watu walipomdadisi, Upepo alisema mtoto wake alizaliwa na mama yake, na sasa yuko juu kwenye kioo anatuma watu.

Ugonjwa ulianzia kwenye viatu. Kengele aliona dada yake amelegeza kamba, kisha ameziondoa kabisa. Baadaye akawa anamwona amekalia katoni katikati ya njia, mkono kifuani, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Akamsumbua mpaka akaenda hospitali. Daktari akamwambia moyo umechoka, akampa vidonge, akamtaka arudi kila vinapokwisha, na akiweza apunguze kutembea.

"Moyo umechoka na nini?" Upepo aliuliza waliporudi nyumbani. "Sijawahi kuutuma popote. Miguu ndiyo niliyoituma."

Alimeza vidonge, lakini kutembea hakuweza kupunguza, maana kutembea ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Karibu na mlango wa kutokea palitundikwa skrini kubwa iliyoonyesha kasi ya kila mkusanyaji, jina lake kazini na mstari wa rangi mbele yake. Mwenye kasi alikuwa juu na mstari wa kijani. Wa chini walikuwa na mstari mwekundu. Upepo, aliyezoea kukaa juu tangu skrini ile ilipotundikwa, alianza kushuka. Wenzake walijifanya hawaoni. Yeye mwenyewe alianza kupita pale akiwa ameinamia mkoba wake, akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Ndipo msimamizi akapanda ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Aliuvuta mlango akaufunga, akasimama akichezea funguo, akasema mikataba inakaribia kwisha na ofisi kuu imeamua wale wa mstari mwekundu wasiongezewe. Akasema anamheshimu sana Upepo, amemkuta pale, lakini skrini haina heshima. Amekuja kumwambia mapema kwa sababu ni dada yake.

Kengele angeweza kushuka akamwambia. Mara nyingi baadaye aliirudia saa ile kichwani na kujiona akishuka ngazi. Lakini alimjua dada yake. Kumwambia Upepo kwamba unga wake unakaribia kumwagika kwa sababu miguu imemsaliti kulikuwa sawa na kumvua nguo hadharani. Basi hakushuka. Alikaa, akazitazama oda zilizokuwa zikisubiri, akaanza kuzichambua.

Rafu za mbele, karibu na meza za kufungashia, zilikuwa na vitu vidogo: miswaki, betri, nyembe, vibiriti, kalamu. Mtu alivikusanya bila kuinama sana na bila kwenda mbali. Za nyuma zilikuwa na magunia ya sabuni ya unga, ndoo, sufuria kubwa, mablanketi yaliyofungwa kwa marobota. Mfumo ulimruhusu Kengele kuandika kundi lipi liende kwenye skana ya nani. Akatengeneza kundi dogo la vitu vya mbele tupu, akaandika namba ya skana ya dada yake, akaliachilia. Mfumo haukumuuliza sababu. Chini, skana zikalia, na Upepo akageuza toroli lake akaelekea mbele.

Kesho yake akafanya vile vile, na siku zilizofuata. Akawa mjanja zaidi. Alimchanganyia oda moja moja ya katikati ili isionekane, akaziachilia nyingine wakati watu wamebanwa ili zisigunduliwe. Mstari wa Upepo ukatoka kwenye wekundu. Ukaendelea kupanda. Mikataba ilipotolewa, wake ulikuwemo.

Kilichomponza Kengele ni kwamba hakufikiria furaha. Alifikiria kazi tu, kwamba dada asiipoteze. Hakujua kwamba mtu aliyekata tamaa na mwili wake, akiona unamtii tena, anazaliwa upya. Upepo alianza kusimama mbele ya ile skrini akiwa amejishika kiuno. Alianza tena kuwatania vijana, akiwauliza kama wamekula au wamekuja kupunga hewa. Siku za mapumziko Kengele alipokwenda kula kwao, dada yake alizungumzia kazi kama msichana aliyechumbiwa.

"Miguu imefunguka," alisema. "Naimaliza oda hata jasho halijanitoka. Nilidhani nimezeeka, kumbe nilikuwa nimechoka tu."

Mumewe alitabasamu akiinamia sahani yake. Kengele alicheka naye.

Aliyegundua ni Twiga, kijana mrefu aliyepewa jina hilo kwa kuwa alifikia rafu za juu bila ngazi. Alipanda chumbani mchana mmoja wakati wa chakula, akakataa kiti. Kofia yake ilikuwa imeloa. Kengele alijua amejia nini kabla hajafungua mdomo.

"Sijaja kukushtaki, dada," Twiga alisema. "Magunia ya nyuma yote yananijia mimi, nabeba, nina nguvu, sawa. Yule ni kama mama yetu. Ila juzi aliniambia dawa kaacha. Ananiambia mimi, kwa furaha, kwamba kapona. Mwambie."

Kengele aliahidi. Twiga akashukuru, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama angemtukana, akashuka.

Jioni ile alimsindikiza dada yake mpaka njia panda akiwa ameyapanga maneno. Upepo akamuwahi kwa habari: wamepata nyumba nyingine. Miaka yote walikaa chini, chumba kisicho na dirisha la maana, kinachopokea maji ya mvua na harufu ya mfereji. Mumewe alishaonyeshwa vyumba viwili vya juu, ghorofa ya tatu, vyenye upepo na mwanga, Upepo akavikataa kwa sababu ya ngazi. Sasa amevikubali. Alisimulia atakapoweka kitanda, na pazia la rangi gani. Maneno ya Kengele yakarudi tumboni yalikotoka.

Siku ya kuhama alikwenda kusaidia. Alibeba vyombo, na katika ngazi ya pili akawa nyuma ya dada yake aliyekumbatia godoro dogo la wageni. Akamsikia. Ilikuwa pumzi ile ile ya kwenye katoni, fupi, yenye kamluzi ndani yake. Upepo alisimama kwenye kona, akaegemea ukuta, akatabasamu huku midomo imepauka.

"Dada, hospitali ulienda lini mara ya mwisho?"

"Ya nini? Kaangalie skrini."

"Skrini si daktari."

"Ni afadhali. Haiandiki dawa." Akalipandisha godoro begani, akaendelea.

Kengele alibaki pale konani na beseni la vyombo. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Aliiona wazi, ina maneno machache, hata mtoto angeisema. Shemeji yake akatokea chini na meza kichwani, akaomba njia, Kengele akampisha.

Hazikupita siku nyingi. Upepo alikuwa anapandisha ndoo ya maji asubuhi ya siku ya mapumziko, akafika ghorofa ya pili, akaiweka chini taratibu bila kumwaga, kama alivyosimulia jirani aliyemwona, kisha akakaa kando yake na hakuweza kuinuka.

Hospitalini daktari aliwauliza dawa alizitumia mara ya mwisho lini. Shemeji alijibu kwa sauti yake ya chini kwamba aliziacha kitambo. Mkewe alikuwa akisema amepona, kazini anawashinda vijana. Kengele alikuwa amesimama pale pale, amekumbatia mkoba wa dada yake. Daktari akaeleza kwamba akitoka salama, ile kazi asiiguse tena.

Upepo aliposikia hivyo alikataa katakata. Mchana wa kutazama wagonjwa, mumewe alipokwenda kutafuta dawa zilizoandikwa, alibaki na mdogo wake. Alikuwa ameegemezwa mito miwili, miguu imevimba chini ya shuka, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Daktari hanijui," alisema. "Ananiona nimelala hivi anadhani ndivyo nilivyo. Skrini inanijua. Nikitoka hapa narudi, na waambie wasizoee kutokuwepo kwangu."

Basi Kengele akaona hana njia. Asiposema, dada yake atarudi kazini na kufia huko. Akavuta kiti karibu.

"Dada, skrini ile ni mimi."

Upepo hakuelewa. Ikabidi amweleze tangu mwanzo, msimamizi alivyopanda, rafu za mbele, namba ya skana. Alipokuwa anaeleza alijisikia kama anamfundisha mtu mgeni jinsi kazi inavyofanyika. Dada yake alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe juu ya shuka.

"Kwa hiyo zile siku zote sikuwa mimi," akasema.

"Ulikuwa wewe, dada. Nilipunguza mzigo tu."

"Sikuwa mimi." Akaunyoosha upindo wa shuka. Kisha akauliza, "Za nyuma ulikuwa unampa nani?"

"Twiga, sanasana."

"Ana mtoto mchanga yule, usiku halali." Akageuza uso ukutani. Akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale ukutani, "Ungeniambia ningetoka kwa miguu yangu."

Kengele akaanza kuomba radhi, na maneno yalipomwishia akaanza kulia. Upepo aliomba maji. Akanyweshwa, akasema anataka kulala. Muuguzi alipokuja kuwatoa watu, Kengele alisimama miguuni pa kitanda akamwambia atakuja kesho asubuhi. Dada yake hakugeuka. Aliinua mkono kidogo juu ya shuka, akaushusha. Inawezekana ulikuwa wa kuagana. Inawezekana ulikuwa wa kumwambia aondoke. Mkono ule Kengele aliuona siku zote za maisha yake, na hakuweza kuusoma.

Alfajiri shemeji alipiga simu. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alizungumza mfululizo, akieleza jambo hili na lile, kitanda, muuguzi, karatasi za kusaini, na Kengele akaelewa kwamba anaogopa kufika mwisho wa maneno.

Wakusanyaji walikuja mazikoni na viatu vyao vya kazi, wengine wametoka zamu moja kwa moja. Walimpa Kengele pole mara mbili, ya dada na ya mama. Shemeji, alipoombwa aseme neno, alisema mkewe aliondoka akiwa na furaha, maana mwishoni Mungu alimrudishia miguu yake, na kila aliyefanya naye kazi ni shahidi. Watu wakaitikia. Twiga alikuwa upande wa pili wa kaburi. Aliinamisha kichwa, na hakumtazama Kengele, akijua kwamba kumtazama kungekuwa kumsema.

Aliporudi kazini alikwenda kwa msimamizi akamwambia kila kitu. Alitarajia kufukuzwa, na alishajiandaa, hata kikombe chake cha chai alikuwa amekitia mkobani. Msimamizi alichezea funguo. Akasema alihisi tangu mwanzo, ila malori yalikuwa yanaondoka kwa wakati, akaona anyamaze. Kengele akamtazama mtu huyu ambaye naye alijua na alinyamaza, akatafuta hasira moyoni mwake asiipate. Akaomba kushuka chini. Msimamizi alimwambia kwamba hakuna mtu anayeomba kushuka. Yeye akasema anaomba.

Wakampa toroli na skana. Juu kwenye kioo akawekwa msichana mwingine, mwerevu, ambaye mwanzoni aliachilia makundi kama anamwaga mchele. Kengele alitumwa mbele, alitumwa nyuma, kama wote. Magunia ya sabuni yalimchubua mabega. Twiga alimwonyesha namna ya kulivuta robota kwa goti badala ya kiuno, na jinsi ya kupumua ukiwa umeinama, na hawakuzungumza kuhusu jambo jingine. Yapo mambo aliyoyajua akiwa chini ambayo kioo hakikumwonyesha. Alijua, kwa mfano, kwamba safari ya rafu za nyuma ni ndefu zaidi unaporudi, kwa sababu sakafu ina mwinuko kidogo ambao toroli tupu haliusikii.

Shemeji alikuwa amehama vile vyumba vya ghorofani na kupanga chumba nyuma ya karakana yake. Kengele alikwenda kumtazama siku ya mapumziko, akamkuta uani anatengeneza lango la mtu. Alimkaribisha, akamtafutia kibao cha kukalia, akaendelea kupima vyuma. Akauliza, akiwa ameinama, kitu alichokibeba tangu siku ile ya hospitali.

"Alikuambia nini mlipobaki wawili? Nilimpelekea uji jioni, hakunisemesha. Hata uso hakunigeuzia. Nimekuwa nikidhani alinikasirikia kwa zile ngazi. Mimi ndiye niliyemtafutia ile nyumba."

Kengele alikuwa amekuja na matunda kwenye mfuko. Aliuweka chini. Akamweleza, yote, tangu msimamizi alipopanda mpaka ule mkono juu ya shuka, na safari hii hakulia, kwa sababu aliona si haki yake kulia mbele ya mtu huyu. Fundi alisikiliza akiwa ameshika kipande cha chuma magotini. Kengele alipomaliza, watoto wa jirani walisikika wakigombania mpira.

"Kwa hiyo hakuwa amenikasirikia mimi," shemeji akasema.

"Hapana, shemeji. Si wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Kengele hakujua kama anatakiwa aondoke au abaki, akaanza kunyanyuka. Ndipo fundi alipovaa miwani yake myeusi, akasogeza bomba moja la lango likutane na jingine, akaonyesha kwa kidevu.

"Nishikie hapo," alisema. "Geuza uso, mwanga ule unaumiza."

Kengele akashika, akageuza uso upande wa barabara, na akahisi joto likimjia polepole kupitia chuma mpaka viganjani.